UZI: Vijiwe kama sarafu kutoka Kitunda, na visukuku vinavyotuambia kuhusu uhai wa mwanzo kabisa

MwalimuWaPwani (Lindi)

Wakuu habari za usiku. Mi ni mwalimu wa bailojia kwenye sekondari moja hapa Lindi, uzi huu utakuwa mrefu kidogo lakini nimeubeba moyoni karibu mwaka mzima kwa hiyo naomba mnivumilie.

Nina mwanafunzi, sasa hivi yuko form three, kwao ni ng'ambo Kitunda, kila asubuhi anavuka kuja shule. Mwaka jana alinijia na kopo limejaa vijiwe. Vya duara, bapa, vingine vidogo kama dengu, vingine kama sarafu ya shilingi hamsini, katikati vimevimba kidogo halafu pembeni vinakuwa vyembamba. Akaniuliza mwalimu hivi ni nini, maana bibi yake anaviita hela za majini. Nilikuwa na daftari sitini za kusahihisha nikamwambia hizo ni kokoto, kaa chini. Akakaa. Kopo akaliacha juu ya meza yangu.

Likizo ya Juni ndo nikalikumbuka. Nikachukua kijiwe kimoja nikakisugua kwenye jiwe la kunolea kisu na maji kidogo kidogo, kama robo saa hivi, mpaka nusu yake ikaisha. Aisee. Ndani hakikuwa jiwe tupu, kulikuwa na mstari unazunguka kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mzunguko umegawanywa kwa kuta ndogo ndogo, vyumba vingi mno. Nikachukua cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Kokoto haiwezi kujipanga hivyo.

Kumbe ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Vinaitwa numulaiti, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la sarafu ndogo, kwa hiyo bibi wa Kitunda na wanasayansi wa Ulaya wameona kitu kilekile bila kuwasiliana. Ni ganda la kiumbe cha baharini kwenye kundi la foraminifera, cha miaka kama milioni 40 na kitu hivi, bahari ilipokuwa imefunika sehemu hizi. Yale mawe ya chokaa waliyojengea piramidi za Giza kule Misri yamejaa viumbe hawahawa, na Strabo, Mgiriki aliyepita huko miaka kama 2000 iliyopita, aliandika kwamba watu walimwambia hizo ni dengu zilizobaki kwenye chakula cha wajenzi zikageuka mawe. Dengu! Mi nilipokiona kile kidogo kabisa na mimi nilifikiria dengu.

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Kile kiumbe kilikuwa seli moja. Moja tu, hakina mdomo wala macho wala tumbo, na kilijenga nyumba yenye vyumba vingi, wapo waliofika upana wa zaidi ya sentimita 10. Mi nafundisha miaka yote kwamba seli moja ni kitu duni, amiba, mstari mmoja kwenye notisi halafu tunakimbilia wanyama "wa maana". Nikaanza kusoma nyuma zaidi, kabla ya numulaiti, kabla ya dainosa, kabla ya samaki, nikitaka kujua mawe yanasema nini kuhusu uhai wa mwanzo.

Wacha niwape kipimo cha huku kwetu maana hizi bilioni bilioni hazishikiki kichwani. Mtwara mjini mpaka Lindi mjini ni kama kilomita 105. Chukulia unapanda gari Mtwara, pale stendi ndo miaka bilioni 3.5 iliyopita, ushahidi wa zamani wa uhai ambao wengi wanaukubali, na unaposhuka Lindi ni leo. Kila mita 30 ni miaka milioni moja. Umepita Mikindani, bakteria tu. Unakwenda, bakteria tu. Ukifika kama katikati ya safari ndo zinaanza kuonekana seli kubwa zenye kiini. Unaendelea, vichaka, mikorosho, mpaka umeipita Mnazi Mmoja, bado hujaona mnyama mwenye ganda hata mmoja! Ni kwenye zile kilomita 16 za mwisho ndo wanyama wenye magamba na miguu wanajaa kwenye mawe. Dainosa waliochimbwa Tendaguru, hapahapa mkoani Lindi, wako kilomita nne na nusu kutoka mwisho wa safari. Hivi vijiwe vya Kitunda, kilomita moja na kidogo. Na binadamu kama sisi, hatua chache tu kabla gari halijasimama, mita 9 hivi.

Yaani sehemu kubwa ya historia ya uhai ni ya viumbe ambao huwezi kuwaona kwa macho. Na bado wameacha alama, nitaendelea hapo chini, wacha nipate chai kwanza.

Mchinga_Kijana

Mkuu endelea, nimeweka kambi. Ila swali, bakteria hana mfupa, anaachaje alama kwenye jiwe? Mi najua kisukuku ni mfupa.

MwalimuWaPwani

Swali zuri sana mdogo wangu, na mi nilikuwa najiuliza hilohilo.

Wale bakteria walikaa pamoja kama utelezi ule wa kijani unaouona kwenye sakafu ya kisima au kwenye ngazi za gati maji yakikupwa. Utelezi unanata, mchanga na chokaa laini vinanasa juu yake, bakteria wanapanda juu kutafuta mwanga wanatengeneza utando mwingine, unanasa tena, tabaka juu ya tabaka. Baada ya miaka mingi unapata kichuguu cha jiwe chenye matabaka kama chapati zilizopangwa. Kinaitwa stromatolaiti. Mwili wa bakteria umeoza zamani, nyumba imebaki. Za zamani zaidi zinazoaminika ziko Australia Magharibi, eneo la Pilbara, karibu miaka bilioni 3.5. Afrika nasi tumo, milima ya Makhonjwa kule Barberton Afrika Kusini ina mawe ya umri unaokaribiana na huo na alama za tando za bakteria zimo, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2018.

Na watu wana uhakika kwa sababu stromatolaiti hai bado zipo! Ziko Shark Bay hukohuko Australia, maji yake yana chumvi kali mno konokono wa kuzila hawastahimili, basi zimebaki zinakua taratibu, hazifiki hata milimita moja kwa mwaka.

Halafu kuna mawe yaliyohifadhi bakteria wenyewe. Mwaka 1953 mtaalamu wa miamba Stanley Tyler alichukua jiwe jeusi gumu ufukweni Ziwa Superior, mwamba unaoitwa Gunflint, likakatwa jembamba mpaka mwanga ukapita, chini ya maikroskopu zikaonekana nyuzi na vitufe vya seli. Jiwe lile lina miaka kama bilioni 1.9. Silika, madini ya mchanga, iliwafunika kabla hawajaoza, kama mdudu aliyenaswa kwenye utomvu wa mkorosho ukakauka naye ndani.

Na hawa wadogo ndo waliotupa hewa. Bahari ya zamani ilikuwa na chuma kingi kimeyeyuka ndani yake. Sainobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua, wakaanza kutoa oksijeni, oksijeni ikakamata kile chuma kikawa kutu kikazama chini. Sisi wa pwani kutu tunaijua, bati jipya miaka michache tu limeshakuwa jekundu. Sasa fikiria bahari nzima. Lile tope la kutu ndo madini ya chuma yanayochimbwa leo sehemu nyingi duniani, nondo za nyumba yako huenda zimetoka huko. Kama miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kubaki hewani. Bila hapo mimi na wewe hatupo.

DadaWaMikindani

Mwalimu shikamoo. Nauliza kwa nia njema kabisa, hivi hii miaka wanaijuaje? Maana mtu akiniambia bilioni tatu mi namwangalia tu. Na je haigongani na imani? Mimi ni mtu wa kuswali.

MwalimuWaPwani

Marahaba dada. Na mimi naswali, na sijaona sababu ya kuacha kimojawapo.

Kuhusu miaka, volkano ikilipuka majivu yake yanakuwa na punje ngumu ndogo zinaitwa zirkoni. Punje inapoundwa inaingiza madini ya urani lakini madini ya risasi inayakataa. Urani inageuka risasi kwa mwendo usiobadilika, haijali joto wala mvua. Kwa hiyo ukipima leo urani iliyobaki na risasi iliyomo unajua punje ina umri gani, kama kuona mshumaa ukajua umewaka muda gani kwa urefu uliobaki. Kisukuku kikiwa katikati ya tabaka mbili za majivu, umri wake uko katikati ya hizo mbili.

Na hata kabla ya hesabu hizo watu walikuwa wanajua mpangilio. Wachimba mifereji na makaa Uingereza miaka 200 iliyopita waliona kila tabaka lina viumbe wake na mpangilio haupinduki. Chini huku trilobaiti, viumbe wa kale wa baharini wenye gamba, juu yake samaki, juu yake mijusi wakubwa. Hakuna aliyewahi kukuta mfupa wa mbuzi ndani ya mwamba wa trilobaiti, dunia nzima. Mimi darasani nafundisha kile jiwe linaonyesha. Aliyeumba kwa namna hii ya taratibu simpungukii heshima hata kidogo, kinyume chake.

Rigi_Msimbati

Mwalimu umenigusa. Mi nilifanya kibarua kwenye mtambo wa kuchimba gesi huku Mtwara miaka kadhaa iliyopita. Kila mita kadhaa vipande vya mwamba vinapanda na tope, kazi yetu kuchekecha, kuosha, kukausha, kuweka kwenye vifuko na kuandika kina. Mtaalamu anachukua unga kiduchu anamwaga kwenye kisahani cheusi, anachambua na brashi yenye unywele mmoja au miwili. Siku moja akaniita niangalie. Nikaona vitu kama bisi, vingine kama konokono, vyeupe. Akasema hivi ndo saa yangu, nikiona aina hii najua tumefika mwamba wa umri fulani. Nilidhani ananitania. Ndo hawahawa foraminifera?

MwalimuWaPwani

Ndo wenyewe kaka! Ndugu wa hawa wa Kitunda, ila wale wengi ni wadogo kama punje ya mchanga na walielea juu ya bahari. Aina zinatokea na kupotea kwa mpangilio, kwa hiyo mchimbaji anazitumia kama kalenda. Zilizo kusini yetu hapa ni maarufu kuliko tunavyojua wenyewe. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wakishirikiana na Watanzania walitoboa mashimo ya utafiti Kilwa na Lindi, hawakutafuta gesi wala dhahabu, walitafuta udongo wa mfinyanzi. Udongo wetu ni mzito, haupitishi maji, maganda yamebaki yanang'aa kama kioo wakati sehemu nyingi za bahari kuu yameshabadilika kuwa meupe kama chaki. Kwenye ganda safi wanapima aina za oksijeni wanajua bahari ilikuwa na joto kiasi gani. Kwenye mashimo ya Kilwa walionyesha aina moja yenye miiba mirefu, hantkenina, inapotea yote, miaka kama milioni 34 iliyopita, kipindi kilekile barafu kubwa inaanza kuifunika Antaktika. Barafu iko mwisho wa dunia na habari yake imeandikwa kwenye tope la Kilwa.

Mmwera_Original

Mbona hamzungumzii Tendaguru? Mifupa yetu iko Berlin mpaka leo. Babu yangu alikuwa anasimulia watu wakibeba mizigo mpaka Lindi.

MwalimuWaPwani

Ndugu yangu siwezi kuipita. Mifupa ilijulikana kwa Wajerumani 1906, kuchimba kwenyewe 1909 mpaka 1913, kwanza chini ya wataalamu wao Janensch na Hennig, vita ya Maji Maji ndo imetoka kuisha na watu wamekufa kwa njaa. Mifupa zaidi ya tani 200 ikatoka, imebebwa vichwani na mabegani na watu wetu, siku kama nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu huyu alijua kutoa mfupa mwambani kuliko wengi waliosifiwa, natamani kila mtoto wa Lindi amjue. Yule dainosa mwenye shingo ndefu kama twiga, Jirafatitani, amesimama Berlin kimo cha mita 13 na kitu. Mimi moyo wangu uko na wanaodai mifupa hiyo au faida yake ifike huku.

Ila kwa mada ya leo, angalieni kitu ambacho wageni wanakiruka. Kati ya matabaka ya mifupa pale Tendaguru kuna matabaka ya chaza wa baharini. Bahari ilikuja ikarudi, ikaja ikarudi. Dainosa anapigiwa picha, chaza anakanyagwa, lakini chaza ndo anayekwambia ufukwe ulikuwa wapi.

Nahodha_Kilwa

Nyie wa Lindi mmesahau samaki silikanti. Mwaka 2003 alinaswa kwenye jarife huku Songo Mnara, wa kwanza kujulikana Tanzania. Wazee walisema hawajawahi kumuona. Mapezi yake yana nyama kama mkono wa mtoto. Si ndo babu yetu huyo?

MwalimuWaPwani

Nahodha ahsante, hilo pezi ndo lenyewe. Wataalamu walimjua silikanti kwenye mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na dainosa, mpaka 1938 Afrika Kusini alipopatikana mzima kwenye samaki wa mvuvi na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho akamtambua kwamba si wa kawaida. Ila si babu, ni binamu wa mbali. Ukipima undugu, kamongo wa Ziwa Victoria ana undugu wa karibu zaidi na sisi. Aliye jirani na njia yenyewe, ya samaki kupanda nchi kavu, ni Tiktaaliki, ana miaka milioni 375, walimpata 2004 kaskazini kabisa mwa Kanada. Ana magamba na mapezi, lakini ana shingo, na ndani ya pezi kuna mifupa ya kiwiko na kifundo cha mkono. Na hawakubahatisha, walijua umri wa mwamba unaotakiwa, wakatafuta mwamba wa mto wa zamani wa umri huo, wakaenda huko miaka kadhaa mpaka wakampata.

Mchinga_Kijana

Sasa kati ya bakteria na hao samaki ni nini? Hapo katikati umeruka.

MwalimuWaPwani

Nimepaacha makusudi maana ndo ninapopapenda.

Kwa muda mrefu iliaminika kabla ya trilobaiti hakuna kitu kinachoonekana kwa macho. Mwaka 1956 binti wa miaka 15 Uingereza, Tina Negus, aliona alama kama jani la mnazi kwenye mwamba wa zamani wa msitu wa Charnwood. Akamwambia mwalimu wake wa jiografia. Akaambiwa mawe yale ni ya zamani mno hayana visukuku, basi haiwezi kuwa. Mwaka uliofuata kijana wa shule, Roger Mason, akaiona ileile, baba yake akamjua mtu wa chuo kikuu, mtu akaja akatazama. Leo inaitwa Charnia, ina miaka zaidi ya milioni 550, na imebadilisha vitabu. Niliposoma hapo kwa mwalimu wa jiografia niliifunga simu. Kopo lilikuwa mezani.

Wenzake Charnia ni wa ajabu. Wamekaa kama majani, kama mito ya kulalia iliyoshonwa, hawana mdomo. Mmoja, Dickinsonia, kama mkeka wa mviringo wenye mistari, watu walibishana miaka mingi ni mmea, ni kuvu au ni nini. Mwaka 2018 walikuta kwenye kisukuku chake kutoka pwani ya Bahari Nyeupe, Urusi, mabaki ya kolesteroli, mafuta ya mnyama. Miaka milioni 558 na mafuta bado yapo! Namibia nako kuna kiumbe Cloudina, mrija mdogo kama vikombe vilivyotumbukizana, miongoni mwa wa kwanza kujitengenezea ganda gumu. Na kwenye maganda yake mengine kutoka China kuna vitobo, duara safi. Kuna aliyekuwa anatoboa kumla. Huko nyuma kwenye utelezi wa bakteria hatuoni vitobo hivyo, hapa tayari kuna mwindaji na kuna anayejikinga, na muda mfupi baadaye kwenye mawe ya Chengjiang kule China na Burgess kule Kanada unakuta macho, miguu, taya, kila kitu kwa fujo.

DadaWaMikindani

Mwalimu mi nimekubali. Na yule mtoto je?

MwalimuWaPwani

Nilimwita Julai shule ilipofunguliwa. Nikamwomba msamaha mbele ya darasa, nikampa kile kilichosuguliwa na lenzi. Aliangalia muda mrefu hakusema kitu, halafu akauliza kama ni seli moja vyumba alijengaje. Nikamweleza, kiumbe anatoa nyuzi laini za utegili, ule ute wa ndani ya seli, kupitia matundu ya ganda, anazikusanya nje anaumba umbo la chumba kipya, anaweka chokaa, anahamia, kisha anaanza kingine.

Jumamosi iliyopita tukavuka na wanafunzi nane. Hatukuchimba, nimewaeleza kuchimba visukuku kunahitaji kibali cha serikali, tuliangalia tu vilivyoanguka chini ya jabali na kuchora kwenye daftari. Wakati wa kurudi tukapita kwao, bibi yake alikuwa barazani anasuka ukili. Akatukaribisha ming'oko. Mtoto akamwonyesha hela ya majini iliyosuguliwa. Bibi akaishika karibu na jicho, akaizungushazungusha kwenye mwanga, akafuata mstari kwa ukucha kuanzia katikati mpaka nje.

Akasema, "Hii imeshonwa kama kawa."

Akanyanyua kawa iliyokuwa imefunika sahani ya ming'oko, akaviweka vyote viwili kwenye mkeka, kimoja kando ya kingine, watoto wakasogea.